Pampu iko kabatini, mtoto yuko benchi

*Mwanafunzi mwenye pumu huondolewa kwenye mchakamchaka kwa nia njema kabisa. Lakini nani amepima hasara ya kumketisha?*

Na Mwandishi Wetu, Kibaha

Saa 12:30 asubuhi, Kongowe. Malori yanayotoka Dar es Salaam yanaunguruma kwenye Barabara ya Morogoro, na katika shule moja ya msingi mstari wa mchakamchaka umeshazunguka nyuma ya madarasa. Wimbo unasikika kabla watoto hawajaonekana.

Msichana mmoja wa darasa la tano hayumo. Ameinama mbele ya ofisi ya walimu na ufagio wa chelewa mkononi, anafagia mchanga mkavu, na vumbi linampanda usoni. Hakimbii kwa sababu ana pumu. Mama yake alifika shuleni akaomba mwanawe asikimbizwe, mwalimu akakubali. Na kwa kuwa mwanafunzi asiyekimbia hawezi kukaa bure, akapewa ufagio.

Waliofikia uamuzi huo wanampenda mtoto huyu. Hata hivyo, vumbi ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana zaidi kwa kuamsha pumu, na kulifagia kila asubuhi kunaweza kukibana kifua chake kuliko kukimbia taratibu na wenzake. Ameondolewa kwenye zoezi ambalo, akiwa na dawa yake, angeliweza, na kuwekwa kwenye kazi ambayo hakuna daktari angemshauri aifanye.

Dawa yake ya kuvuta, ile ambayo wengi huiita pampu, iko nyumbani kabatini, juu kabisa, wadogo zake wasiifikie.

Hofu yenye sababu

Ni rahisi kumlaumu mama. Anayemlaumu huenda hajawahi kumpakia mtoto kwenye bodaboda saa nane usiku kuelekea hospitali ya Tumbi, mtoto amekaa katikati, mabega yamepanda juu, kila pumzi inatoa mlio kama wa filimbi na hakuna anayethubutu kusema neno. Mzazi aliyepitia usiku wa namna hiyo akisikia mwanawe amekimbizwa mizunguko mitatu ya uwanja, moyo lazima umruke.

Na pumu inaua. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 duniani waliishi na ugonjwa huu na watu 455,000 walikufa kwa sababu yake. Wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako ugonjwa huchelewa kutambuliwa na dawa hazipatikani kwa urahisi.

Kwa hiyo swali la Kongowe si kama mama ana haki ya kuogopa. Anayo. Swali ni kama kumketisha mtoto kunamwondolea hatari anayoiogopa.

Katika kufuatilia suala hili nimeshawishika kwamba hakumwondolei. Mtoto mwenye pumu ambaye hawezi kukimbia hata kidogo, mara nyingi ni mtoto ambaye pumu yake haijadhibitiwa. Kushindwa kwake kucheza ni taarifa kwamba matibabu hayatoshi. Tukimweka benchi tunaificha taarifa hiyo, na miezi inapita bila mtu kuuliza kwa nini mtoto wa miaka kumi na mmoja anahema kwa kupanda ngazi.

> Mtoto mwenye pumu asiyeweza kukimbia hata kidogo, mara nyingi ni mtoto ambaye pumu yake haijadhibitiwa.

Kati ya Ilala na Bagamoyo

Mwaka 2014 Dk. Meshack Shimwela na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha zaidi ya wanafunzi 1,200 wa sekondari katika wilaya mbili za ukanda wa pwani: Ilala, ambayo ni mjini, na Bagamoyo, ambako wakati huo walihesabu kuwa ni shamba. Ilala, wanafunzi wapatao 23 kati ya kila 100 walikuwa na dalili za pumu ndani ya miezi kumi na miwili iliyotangulia. Bagamoyo walikuwa 12.

Kongowe iko katikati ya wilaya hizo mbili, kwenye ramani na katika maisha. Bado kuna mikorosho na miembe, bado kuna magunia ya mkaa yamepangwa kando ya barabara. Lakini pia kuna foleni ya malori, kuna viwanda upande wa Zegereni na Visiga, kuna mabanda ya kuku wa biashara yaliyobanana na nyumba za wapangaji, na kuna barabara za mitaa ambazo kila bajaji ikipita huacha wingu. Anayekulia hapa anavuta hewa ya shamba na ya mji kwa pamoja.

Wakenya waliliona hili mapema, tena kwa kutumia mbio zenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, watoto wa shule za Nairobi na wa wilaya ya Murang'a waliwekwa wakimbie dakika sita, kisha nguvu ya pumzi yao ikapimwa. Kati ya kila watoto 100, wapatao 23 wa Nairobi walionyesha kubanwa baada ya kukimbia. Murang'a walikuwa 13. Huko Zimbabwe, matokeo ya kipimo cha namna hiyohiyo yalichapishwa mwaka 1991, na katika eneo moja la vijijini lililo mbali na Harare karibu hakuna mtoto aliyebanwa. Mji unapopanuka, pumu inaufuata, na Kibaha ni mji unaopanuka kwa kasi.

Utafiti ninaoupenda zaidi ulifanyika hapa nchini, Haydom, mkoani Manyara. Watafiti kutoka Norway waliwapima watoto wa miaka 9 na 10 wanaoishi kuzunguka hospitali ya huko, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Walikuta dalili za pumu kwa wingi kuliko ilivyodhaniwa vijijini. Lakini walipopima ustahimilivu wa mwili, watoto wenye dalili hawakuonekana kuwa dhaifu kuliko wenzao.

Hao ni watoto wa vijijini, wanaotembea kwenda shule, kuchota maji na kuchunga. Maisha yao hayana benchi. Sisemi kwamba walitibiwa vizuri. Huenda wengi hawakuwahi hata kuambiwa wana pumu. Ninachosema ni kwamba udhaifu tunaouona kwa watoto wetu wenye pumu haukuja wote na ugonjwa. Sehemu yake tumeitengeneza sisi.

Kifua kinavyobana

Ukiwa umetulia unavuta hewa kwa pua, na pua huipasha joto na kuitia unyevu kabla haijashuka kifuani. Ukikimbia, pua haitoshi. Mdomo unafunguka, hewa nyingi inaingia upesi ikiwa kavu na ya ubaridi kuliko njia za hewa zilivyozoea. Njia hizo zinapoteza maji, na kwa mtu mwenye pumu upotevu huo huziamsha chembechembe zinazomwaga kemikali za kuvimbisha. Misuli inayozizunguka inajikaza.

Mambo mawili hapa yangepaswa kujulikana na kila mwalimu wa michezo.

La kwanza ni muda. Kubanwa kunakoletwa na mazoezi hufika kilele dakika tano hadi kumi baada ya mtoto kusimama, kisha mara nyingi hupungua ndani ya nusu saa hadi saa moja. Maana yake mwalimu amepiga filimbi, watoto wameshatawanyika kunawa, na hapo ndipo mmoja anakohoa kikohozi kikavu peke yake nyuma ya darasa. Watu wazima wanakuwa wameshaangalia kwingine.

La pili ni kwamba mwili ukiamshwa polepole, hujilinda. Wapo wengi ambao wakitanguliza dakika kumi au kumi na tano za kutembea haraka na kukimbia kidogo kidogo, kifua hakibani sana wanapokuja kukimbia kwa nguvu. Mchakamchaka wetu hauna nafasi hiyo. Mtoto anafika anakimbia kwa kuogopa kuchelewa, anaingia kwenye mstari anaendelea kukimbia, na kama ni Julai anafanya yote hayo katika ubaridi wa alfajiri.

Kisha kuna kutweta kwa kawaida, ambako watu hukuchanganya na ugonjwa. Mtoto yeyote aliyekimbia hutweta. Pumzi zikimrudia ndani ya dakika chache na akawa anaongea na kucheka, hiyo si pumu. Pumu huzidi baada ya kupumzika; huja na kikohozi, mluzi kifuani, na maneno yanayokatikakatika.

Mtoto aliyezoeshwa kukaa hajifunzi tofauti hiyo. Asipokimbia, mwili unalegea. Ukilegea, anatweta kwa kazi ndogo. Akitweta, nyumbani wanasema pumu imerudi, naye anakatazwa hata kuruka kamba. Mwaka mmoja wa namna hiyo unatosha kumfanya mtoto aamini kwamba mwili wake ni adui.

Mwalimu, mzazi, na mwenye kifua chake

Ukizungumza na walimu, hoja yao ni ya wazi. Darasa lina watoto wengi, mwalimu ni mmoja, hajafundishwa huduma ya kwanza ya pumu, na mtoto akianguka uwanjani ataulizwa yeye. Kumpa mwanafunzi dawa anaona si kazi yake na huenda kukamletea kesi. Kwa mwalimu wa namna hiyo, benchi ndiyo bima pekee aliyonayo.

Wazazi wana hoja yao kuhusu dawa. Wengi huamini kwamba pampu ni hatua ya mwisho, kwamba ukiianza unaizoea na huachi tena, kwamba inaharibu moyo. Vidonge vya salbutamol huonekana salama zaidi, na ni rahisi kumudu. Kumbe ni kinyume. Kidonge hupita tumboni na kuenea mwili mzima kabla hakijafika kifuani, kwa hiyo huchelewa kufanya kazi na hutetemesha mikono na kuuendesha moyo mbio. Pampu hupeleka dozi ndogo moja kwa moja inakotakiwa.

Wahudumu wa afya nao wana tahadhari ambayo sitaki ipotee. Mtoto aliyeamka usiku akikohoa, mwenye mafua, au ambaye kifua kimeshaanza kulia asubuhi hiyo, asikimbie siku hiyo. Kupumzishwa kwa siku moja kwa sababu inayojulikana ni matibabu. Kupumzishwa kwa miaka mitatu kwa barua moja ya mzazi ni jambo jingine kabisa.

Anayesahaulika kuulizwa ni mtoto. Wapo wanaoficha: wanacheza chandimu jioni mtaani hadi kifua kinabana, kisha wanaingia ndani kimyakimya wasigombezwe. Kwa hiyo mtoto tuliyemkataza kukimbia mbele ya mwalimu anakimbia kwa nguvu zaidi mahali ambapo hakuna mtu mzima wala dawa. Wapo pia waliojifunza kuitumia pumu kukwepa kila kitu. Na wapo wanaotengwa, kwa sababu wenzao wamesikia nyumbani kwamba pumu inaambukiza na hawataki kuchangia kikombe. Pumu haiambukizi.

Kwa wasichana hali ni ngumu zaidi, kwa maoni yangu. Mvulana aliyezuiwa atadai mpira wake. Msichana akiachwa nje ya rede na netiboli akiwa darasa la nne, watu huona ametulia, na hakuna anayeuliza tena mpaka anamaliza la saba. WHO inashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Dakika hizo ni zake pia.

> Tunayemkataza kukimbia mbele ya mwalimu anakimbia mtaani, mahali ambapo hakuna mtu mzima wala dawa.

Alikataa moshi, hakukataa mbio

Haile Gebrselassie wa Ethiopia alikua akikimbia kilomita kumi kwenda shule. Alishinda dhahabu ya mita 10,000 Atlanta mwaka 1996 na Sydney mwaka 2000. Ana pumu. Mwaka 2008, akiwa ndiye mwenye rekodi ya dunia ya marathoni, alitangaza kwamba hatakimbia marathoni ya Olimpiki ya Beijing kwa sababu ya hewa chafu ya jiji hilo. Alikwenda, lakini akakimbia mita 10,000 tu, akawa wa sita. Tarehe 28 Septemba mwaka huohuo, Berlin, alikimbia marathoni kwa saa 2:03:59, mtu wa kwanza kushuka chini ya saa 2:04.

Sitaji jina lake ili kumwambia mtoto wa Kongowe kwamba atakuwa bingwa. Namtaja kwa sababu ya uamuzi wake. Alijua kifua chake, akajua hewa ipi aikatae na mbio zipi azikubali. Ujuzi wa namna hiyo mtoto haupati akiwa amekaa.

Nao utafiti uko upande wake. Mwaka 2013 taasisi ya Cochrane ilikusanya majaribio 21 yenye washiriki 772 wenye pumu, wenye umri wa kuanzia miaka minane. Waliofanya mazoezi kwa utaratibu walipata ustahimilivu zaidi, na pumu yao haikuzidi kuwa mbaya.

Vitabu vya nje hupenda kushauri kuogelea, kwa kuwa hewa ya juu ya maji ina unyevu. Ushauri huo ni mzuri kwa aliye na bwawa. Maji yaliyo karibu nasi ni ya Mto Ruvu, nao una mamba. Kwa Kongowe, uwanja ni uleule wa mchanga, na kitakachoufanya uwe salama ni dawa, utaratibu, na kuumwagia maji pale inapowezekana. Pia kuna jiko la shule: serikali imeshaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na shule ambayo jiko lake la mafiga bado linafukiza uwanja ina sababu nyingine ya kutii.

Chupa ya maji ya nusu lita

Watoto wengi hutumia pampu vibaya: wanabonyeza, dawa inagonga ulimi na kooni, wanameza. Kinachotakiwa ni chombo cha kuishikilia dawa kwanza, ndipo mtoto aivute taratibu. Vya dukani ni ghali na mara nyingi havipo.

Mwaka 1999 Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la Lancet jaribio walilofanya kwa watoto waliofika hospitali wakiwa wamebanwa. Walilinganisha chombo cha kiwandani na chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa kitakoni kwa kipimo cha mdomo wa pampu na kuzibwa vizuri. Chupa ilifanya kazi sawa na chombo cha dukani.

Chupa hizo zinauzwa zimejaa maji baridi kila basi linaposimama Kongowe, na tupu zake zimetapakaa kando ya barabara. Tundu litobolewe kwa umbo la mdomo wa pampu bila kuacha nafasi, chupa ioshwe kwa sabuni na iachwe ikauke yenyewe bila kufutwa. Mtoto anavutia kwenye mdomo wa chupa.

Australia wanafundisha shule zao utaratibu ambao hata mwanafunzi anaweza kuushika. Mkalishe wima, usimlaze. Mbonyezee dawa ya kutuliza mara nne, moja moja, na kila moja aivute kwa pumzi nne. Subiri dakika nne. Hajapata nafuu, rudia, na usafiri uwe umeshaitwa. Asipoweza kumaliza sentensi, midomo ikabadilika rangi, mbavu zikazama ndani kila anapovuta hewa, au kifua kilichokuwa kikilia kikanyamaza ghafla huku anazidi kulegea, hakuna kusubiri: apelekwe hospitali huku akiendelea kupewa dawa njiani.

Pampu ikae wapi?

Hapa ndipo mama na mwalimu wanapogongana kweli. Mama anahofia itapotea au watoto wataichezea. Mwalimu hataki ikae kwake. Shule nyingine huzifungia dawa kwenye kabati la ofisi, na mwenye funguo huwa hayupo michezo inapofanyika.

Nimelifikiria suala hili kutoka pande zote na sioni jibu jingine: mtoto aliyefundishwa kuitumia aibebe mwenyewe, jina lake likiwa limeandikwa juu, na mwalimu wa darasa na wa michezo wajue iko mfuko upi. Kwa wadogo, ibebwe na mwalimu anayetoka nao uwanjani. Ikipotea, itanunuliwa nyingine. Daktari akielekeza, dozi ya dakika 15 kabla ya michezo huzuia kubanwa kwa wengi.

Lakini pampu ya kutuliza peke yake haitoshi kwa anayebanwa mara kwa mara. Inafungua njia kwa saa chache, uvimbe unabaki. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, umeacha kuipendekeza peke yake kwa watu wazima na kwa watoto kuanzia miaka 12, ukitaka iambatane na dawa ya kuvuta yenye steroidi inayopunguza uvimbe wenyewe. Hata wadogo zao wanaougua mara kwa mara wanahitaji dawa ya namna hiyo. Ndiyo isiyopatikana kwa urahisi, na ndiyo ambayo wazazi huiacha mtoto akipata nafuu.

Nayo haifanyi kazi kwa siku moja. Huchukua wiki kadhaa kifua kutulia. Mashindano ya michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, huwa katikati ya mwaka, majira ya kipupwe, wakati hewa ya alfajiri ni kavu na vifua vingi vinabana. Mzazi anayetaka mwanawe awemo kwenye timu ya shule mwezi Juni hana budi kumpeleka kliniki masika, akiwa mzima, kabla hajabanwa, na kumwambia mhudumu kwamba huyu mtoto anataka kukimbia.